Pikipiki ya Mtihani Usiichague Asubuhi ya Mtihani

Kuna ushauri unaozunguka hosteli zetu tangu nikiwa mwaka wa kwanza, na kila anayetaka leseni ya pikipiki lazima aupate hata kama hajauliza. "Wewe tafuta kapikipiki kadogo, kepesi, hata kama si kako. Pita mtihani kwanza. Mengine utajifunzia mbele ya safari." Nimeusikia kwa wavulana, nimeusikia kwa wasichana wenzangu wa bweni, nimeusikia hadi kwa kaka mmoja wa kijiwe cha getini ambaye yuko barabarani mwaka wa tisa sasa. Nami niliufuata. Ulinigharimu fildi nzima, na ndiyo maana nauandika hapa kuupinga.

Kwanza tuelewane kwamba hili si suala la wapenda mbwembwe. Sisi tunaosoma kilimo, ugani, mifugo na misitu tunajua kazi zetu ziko wapi. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini, kwa sababu iliyo wazi kabisa: mkulima hakai kwenye lami. Wenzetu wa afya ya jamii na wapima ardhi nao wataniunga mkono. Ukiripoti kituo chako cha kazi, ukaonyeshwa pikipiki ya ofisi, na huna leseni, basi wewe ni afisa wa kuomba lifti. Na wapo wengi kati yetu ambao hawasubiri ajira: jioni wanapeleka chipsi na dawa hosteli hadi hosteli ili bumu lifike mwisho wa muhula. Leseni kwa watu hawa ni mkate.

Mwaka jana fildi yangu ilipangwa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, wiki nane. Anayeijua njia ile anajua: ukishaiacha Mlali nyuma, barabara inaanza kupanda na kukunja, upande huu ukuta wa udongo, upande ule bonde. Vijiji vimetawanyika juu ya matuta, na kabichi na njegere zinalimwa kwenye miteremko ambayo mimi naishuka kwa makalio. Mradi niliokuwa nakwenda kuufanyia kazi ulikuwa na pikipiki moja ya kuazimisha wanafunzi, kwa sharti moja tu, leseni. Ilikuwa Honda XL, zile ndefu zenye matairi ya meno na madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu. Mimi nina urefu wa sentimita 154. Nilipoikalia mara ya kwanza pale ofisini kwao, miguu yote miwili ilibaki inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Waliokuwepo walicheka, nami nikacheka, ila nilijua nina kazi.

Hapo ndipo nilipaswa kufikiri. Pikipiki inayonisubiri ni ndefu, basi niutafute mtihani kupitia kwenye ndefu. Badala yake nikakumbuka ule ushauri.

Nikajiandikisha kwa walimu wa udereva mjini, nikakata leseni ya kujifunzia ya miezi 3, nikapangiwa pikipiki moja ya zile za mia, fupi, imechoka, tangi limekwanguka rangi. Nilikaa nayo wiki tatu, saa moja kila jioni baada ya vipindi. Tulizoeana hadi nikawa najua ikikohoa inataka nini. Gia zake zote zilikuwa za kukanyaga mbele: ncha ya mguu chini, moja, tena chini, mbili, tena, tatu, tena, nne. Kurudi unakanyaga kwa kisigino. Mguu wangu uliishika tabia hiyo kiasi kwamba nikiwa maktaba naukuta unakanyaga wenyewe chini ya meza.

Siku ya mtihani pikipiki ile haikuwepo. Mwalimu alisema cheni ilikatika jana yake jioni. "Lakini usijali dada, chagua yoyote hapo, zote ni pikipiki." Zilikuwa tano, zimepangwa chini ya mwembe, za watu mbalimbali. Nikachagua nyekundu. Natamani ningekuwa na sababu ya kitaalamu ya kuwaeleza, ila sina. Ilikuwa mpya, fupi, safi, siti bado ina nailoni yake. Nikaizungusha kiwanja mara moja, gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho kwa sababu foleni ilikuwa inasogea, nikaridhika.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo pikipiki zinapomdanganya mtu. Ile nyekundu gia zake hazikuwa za kukanyaga mbele zote. Ya kwanza ndiyo unakanyaga chini, zilizobaki zote ni za kunyanyua, au kwa zile zenye pedali ya pande mbili kama hii, unakanyaga kwa kisigino. Kwa maneno mengine, kisigino kilichokuwa kinanirudisha nyuma kwenye pikipiki ya chuo, hapa kinanipeleka mbele. Na ya kwanza, kwa bahati mbaya, inaingia kwa namna ileile kwenye zote mbili. Ndiyo maana nilianza vizuri. Nikaondoka bila kushtua, nikatoa indiketa, nikaangalia nyuma begani kama nilivyofundishwa. Nikakanyaga mbele kuweka mbili. Haikutokea kitu, kwa sababu chini ya moja hakuna gia. Mimi nikajua imeingia, nikashangaa tu kwa nini injini inalia hivi.

Nikafika kwenye koni za namba nane. Nikajiambia, punguza, rudisha moja. Nikakanyaga kisigino. Ikaingia mbili, mimi nikiwa karibu nasimama, usukani umekunjwa kushoto. Pikipiki ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikazima. Mguu chini, koni moja chini, na mimi nusura.

Afande alikuja taratibu na karatasi yake. Hakucheka, na hakunifokea.

"Binti, hii pikipiki ni ya nani?"

"Sijui afande. Nimeikuta hapa."

"Umeanza kuiendesha lini?"

"Leo asubuhi, afande. Shikamoo." Nilichanganyikiwa mpaka nikaamkia mwishoni.

"Marahaba. Nenda, utarudi ukiwa na unayoijua."

Nilikasirika wiki nzima. Niliwaambia watu nimeonewa, kwamba pikipiki ilikuwa mbovu. Kumbe pikipiki ilikuwa nzima kabisa, mbovu ulikuwa mpango wangu. Yule mzee alikuwa amepima kitu sahihi: mtu huyu, juu ya chombo hiki, yuko tayari kuingia barabarani? Jibu lilikuwa hapana, na hapana hiyo ingenikuta hata kama namba nane ingenihurumia. Fikiria kisigino kilekile, si kwenye koni za plastiki, bali kwenye mteremko wa kutoka Mgeta, mvua imenyesha, nyuma yako kuna fuso la viazi.

Basi nikasapu. Waliosapu somo la darasani wanajua angalau ratiba inatoka. Sapu ya leseni haina ratiba ya chuo. Nilitakiwa kusubiri zamu nyingine na fildi ilianza katikati. Wiki zote nane XL ilikaa imeegeshwa kwenye banda la mradi, nzima, ina mafuta, na mimi nikawa napanda bodaboda kwa posho yangu. Nilipangiwa vijiji saba. Nilivifikia vitatu kwa kiasi cha kuridhisha. Kuna mama mmoja nilikuwa nimemwahidi nitakuja Jumatano tupige pamoja dawa ya ukungu kwenye nyanya zake na nimwonyeshe vipimo. Jumatano ikanyesha, bodaboda wote wakagoma kupanda. Nilifika Ijumaa. Majani yalikuwa yameshaungua kwa ukungu nusu shamba. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, tulikusubiri," akanipa njegere za kubeba. Ripoti yangu ya fildi ilipata B. Zile njegere sikuweza kuzila.

Sasa nirudi kwenye ushauri wenyewe, kwa sababu najua kuna mtu anasema huyu dada kilichomponza ni kubadilishiwa pikipiki, si udogo wa pikipiki. Kweli kabisa, na ningependa tuanzie hapo. Ushauri wa hosteli unazungumzia udogo na wepesi kana kwamba ndivyo vinavyomfanya mtu apite. Namba nane haihitaji pikipiki ndogo. Inahitaji pikipiki ambayo unajua klachi yake inaanza kushika wapi. Mwendo ule wa kinyonga kati ya koni hauendeshwi kwa mafuta. Unaendeshwa kwa nusu klachi, breki ya nyuma imegusiwa kidogo, na macho yanaangalia unakokwenda badala ya kuangalia tairi. Klachi ya pikipiki moja inashika ukiwa umeachia kidogo tu, ya nyingine inashika mwishoni kabisa mkono ukiwa karibu umefunguka. Mtu aliyezoea ya kwanza akipewa ya pili ataachia, ataona haiendi, ataongeza mafuta, halafu itaruka. Nimewaona wawili siku ileile wakiruka hivyo, mmoja na Boxer, mmoja na TVS. Ukubwa wa injini haukuwa na neno hapo.

Kitu kingine kidogo ambacho hakuna aliyewahi kuniambia ni silensa, yaani ule muungurumo wa injini ukiwa umeachia mafuta kabisa. Ikiwa chini mno, pikipiki inazima kila ukigusa breki kwenye kona. Ikiwa juu mno, inakusukuma wakati unataka kutambaa. Ni skrubu moja kwenye kabureta. Fundi anaigeuza kwa sekunde kumi bila hata kukutoza. Lakini huwezi kuomba igeuzwe kwenye pikipiki uliyoikuta chini ya mwembe saa mbili asubuhi, kwa sababu hujui ilivyokuwa jana.

Halafu kuna breki ya mbele. Hii naomba nisiipite haraka. Pikipiki nyingi za kukodi nilizozigusa hapa mjini, mkono wa breki ya mbele umelegea, unauvuta hadi unagusa usukani na hakuna kinachotokea. Ukiuliza, kaka anakwambia, "Hiyo achana nayo dada, itakubwaga. Tumia ya mguu." Wengine wameulegeza kwa makusudi. Ukweli ni kwamba kwenye barabara kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, kwa sababu ukifunga breki uzito wote unaelemea mbele na tairi la nyuma linakuwa jepesi, linateleza. Inayobwaga ni ile ya kuikamata ghafla, au kuifunga usukani ukiwa umekunjwa, au juu ya mchanga. Kwa hiyo mtu anayefanya mtihani kwa pikipiki isiyo na breki ya mbele, hata akipita, amefuzu kuendesha nusu ya pikipiki. Tena kuna askari wanaoijaribu kwa mkono kabla hujapanda, na hapo unarudishwa bila hata kuwasha.

Kuna sababu nyingine ya kuupinga ushauri ule, na hii ni ya karatasi. Leseni zetu za pikipiki zina madaraja. Daraja A ni la pikipiki inayozidi 125 cc au kilo 230, iwe na kigari cha pembeni au isiwe nacho. A1 ni la pikipiki isiyo na kigari iliyo chini ya hapo. A2 ni la vyombo vya matairi matatu na manne, yaani bajaji na ndugu zake. A3 ni la vile vijipikipiki visivyozidi 50 cc. Sasa angalia mitaani kwetu. TVS HLX 125 injini yake ni 124.5 cc, kwa hiyo ipo ndani ya A1 kwa nusu tu ya sentimita. Boxer 150, ambayo ndiyo karibu kila kijiwe, ni 144.8 cc. Hiyo haimo. XL yangu ya Mgeta, kwa urefu wake wote ule wa kutisha, iko ndani ya A1. Kumbe urefu wa siti na daraja la leseni ni vitu viwili tofauti kabisa, na huwezi kuvijua kwa kuangalia kwa macho. Soma kadi ya pikipiki.

Mwenzangu mmoja wa kozi, namwita mwenzangu kwa sababu ameniomba nisimtaje, aliufuata ushauri ule kwa ukamilifu. Akapita kwa pikipiki ya mia, akapewa A1, akafurahi, tukanywa soda. Miezi minne baadaye akanunua 150 ya mkononi kwa mtu ili apeleke vyakula hosteli. Hakuna aliyemsimamisha, akajisahau. Siku moja kwenye mzunguko akagongana na bajaji. Hakuumia sana, mkono tu, namshukuru Mungu. Lakini taa na bodi ya bajaji viliharibika, na mwenye bajaji akafungua madai kwenye bima yake. Bima ipo, imelipiwa, stika ipo. Wakaomba leseni. Wakaangalia daraja. Wakamrudishia karatasi zake. Sera za bima kwa kawaida huweka sharti kwamba aliyeendesha awe na leseni halali ya aina ya chombo alichokuwa anaendesha, na yeye kwa 144.8 cc hakuwa nayo. Bajaji ile ameilipa yeye, kwa mafungu, bumu baada ya bumu. Muhula ule alikuwa anakula mlo mmoja, na sisi tulidhani anafunga.

Wapo watakaosema wanawajua watu walioandikiwa A bila mtu kuangalia injini ya pikipiki ya mtihani. Inawezekana. Mimi siwezi kumshauri mtu aweke mkono wake, na bajaji ya mwenzake, juu ya bahati ya namna hiyo.

Wenzetu wa Uingereza wamelifunga jambo hili kisheria: pikipiki ya mtihani wa daraja lao la A1 lazima iwe kati ya 120 na 125 cc, na ukifanya mtihani kwa pikipiki isiyo na klachi, leseni inakuruhusu hizo tu. Sisemi tunakili kila kitu cha Wazungu, wana barabara zao na sisi tuna zetu. Lakini hilo la klachi linakuja kwetu tupende tusipende. Pikipiki za umeme zimeshaanza kuonekana mijini, hazina gia wala klachi, na hazina cc hata moja ya kupimia. Rafiki yangu mmoja anataka kufanyia mtihani kwenye hizo kwa sababu "ni kama kuendesha baiskeli." Sawa. Halafu wilaya impe pikipiki ya petroli yenye gia tano, kilima cha kwanza atafanya nini?

Nisieleweke vibaya. Pikipiki ndogo ni mwalimu mzuri. Wiki ya kwanza, wakati hujui hata kuwasha kwa kiki, anza na ya mia, ile unayoweza kuizuia ikitaka kuanguka. Wafupi wenzangu, msiruhusu mtu awapandishe kwenye XL siku ya kwanza ili acheke. Ninachosema ni kwamba pikipiki ya kuanzia na pikipiki ya mtihani si lazima iwe moja, na mahali pa kuhama ni angalau wiki mbili kabla ya mtihani, si asubuhi yake. Hamia kwenye ile utakayoiendesha baada ya leseni, au inayofanana nayo kwa mambo matatu: mpangilio wa gia, kimo cha siti, na upande wa 125 ilipo. Rangi, mwaka, ina redio au haina, hayo acha.

Na kama huna pikipiki inayokusubiri popote, unataka tu leseni ya kuweka kwenye pochi kwa ajili ya baadaye? Basi chagua iliyo ya kawaida zaidi pale unapotarajia kwenda kufanya kazi. Muulize aliyetangulia. Swali la "huko ofisini mnatumia pikipiki gani" linaulizwa kwa ujumbe mmoja wa simu, na hakuna mkubwa wa kazi atakayelichukia.

Sasa serikali ya wanafunzi. Nimekaa kwenye mikutano miwili ya kampeni mwaka huu na sijasikia mgombea hata mmoja akitaja leseni, wakati robo ya waliokaa mbele yake walikuwa wamekuja na kofia ngumu mikononi. Ninaomba mambo ambayo hayahitaji bajeti ya kutisha. Wizara inayohusika ikae na walimu wa udereva wa hapa mjini wanaotuchukua sisi kwa wingi, wakubaliane kwamba mwanafunzi akilipa, stakabadhi yake iandikwe namba ya pikipiki atakayojifunzia, na hiyohiyo ndiyo ije kwenye mtihani. Ikiwa imeharibika, mtihani wake usogezwe bila kulipia upya. Sisi ni wateja, tunakwenda makundi kwa makundi kila kabla ya fildi, hatuna sababu ya kuchagua chini ya mwembe kama watu wa kuomba. La pili, tupatiwe kile kiwanja cha nyuma ya karakana kila Jumamosi asubuhi, na pikipiki mbili za mkononi, moja fupi na moja ndefu, zitunzwe na serikali ya wanafunzi, zitumike kwa zamu na wenye leseni za kujifunzia chini ya mwalimu. Najua mtauliza hela itoke wapi. Nami nauliza, fulana za bonanza tunavaa mara ngapi?

Kuhusu mimi, nilirudi. Niliwaomba watu wa mradi waniruhusu kujifunzia XL yao Jumamosi nne, dereva wao akiwa pembeni. Yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho hakuna ndefu yeyote angeweza kunifundisha, maana naye ni mfupi kama mimi: usijaribu kuweka miguu miwili chini. Ukikaribia kusimama, telezesha kalio upande wa kushoto, mguu wa kushoto ukanyage chini wote, wa kulia ubaki kwenye breki. Mguu mmoja uliokanyaga vizuri unatosha kuliko vidole viwili vya huku na huku. Jumamosi ya kwanza nilianguka mara tatu. Ya nne sikuanguka. Na gia zake, mtacheka, zilikuwa kama za ile nyekundu: moja chini, zilizobaki juu. Kama ningejifunzia kwenye ile iliyokuwa inanisubiri tangu mwanzo, hata ile nyekundu ya chini ya mwembe isingenishinda.

Afande alikuwa yuleyule. Safari hii niliamkia kwanza. Akaiangalia XL, akaniangalia mimi, akaiangalia tena.

"Na hii umeianza leo?"

"Hapana, afande. Ina mwezi."

"Gia ya pili iko wapi?"

Sikujibu kwa mdomo, niliinyanyua kwa ncha ya kiatu, nikairudisha nyutro. Akaonyesha koni kwa kalamu.

Leseni yangu ilitoka wiki sita baada ya fildi kuisha, na Mgeta sijapangiwa tena. Lakini pikipiki ya mradi bado ipo, na nimeongea nao. Itashuka mjini Jumamosi mbili za mwisho kabla ya fildi ijayo, saa mbili asubuhi, pamoja na yule dereva wao. Wa mwaka wa pili mnaokwenda milimani, andikeni majina kwa mwakilishi wenu wa kozi, mje na leseni ya kujifunzia na kofia ngumu yako mwenyewe. Wafupi njooni mapema kidogo, nitawaonyesha namna ya kukaa.